Ukoka wa Mchangani Ukikauka: Chimba Kabla Hujafungua Maji

Ukoka uliopandwa kwenye mchanga, tena katika eneo la mvua chache, una udhia mmoja: karibu kila ugonjwa wake huja na sura ya kiu. Funza wakila mizizi, majani yanakauka. Chumvi ikizidi, majani yanakauka. Maji yakigoma kuingia ardhini, yanakauka vilevile. Mwenye bustani akiona rangi ya kahawia anakimbilia mpira wa maji. Pengine anapatia. Mara nyingi anaongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza, maana maji yakizidi kwenye mchanga huteremka na mbolea yote iliyowekwa juu, yakaipeleka mizizi isikofika.

Mimi siku hizi nachimba kwanza. Nachukua kisu kirefu kilichokwisha kazi ya jikoni, nakata kabari ya udongo yenye upana wa kiganja na kina cha sentimita 15, pamoja na nyasi zake. Naikata ukingoni mwa doa, pale kijani na kahawia zinapokutana. Katikati ya doa hakuna cha kusoma; kila kitu kimeshakufa na mhalifu ameshahama. Kabari ikiwa mkononi naangalia unyevu umeishia wapi, mizizi imeishia wapi, na kama kuna mdudu. Kisha nairudisha mahali pake, naikanyaga, naimwagia maji kidogo. Baada ya siku chache hutajua palikatwa.

Doa linabaki kavu ingawa linamwagiliwa

Hili ndilo linalowachanganya watu zaidi, nami lilinisumbua msimu mzima. Kulikuwa na kona niliyoimwagilia kila jioni kwa wiki tatu. Juu palilowa, nikaridhika, na nyasi zikazidi kukauka. Nilipokata kabari nikakuta unyevu umeishia milimita 5 hivi. Chini yake mchanga ulikuwa mkavu kama majivu, unamiminika kutoka kwenye mizizi. Maji yote yalikuwa yakitambaa juu na kukimbilia ukingoni mwa njia, ambako ukoka ulikuwa umestawi ajabu. Kumbe nilikuwa nikimwagilia njia.

Mchanga wa namna hii umeingia nta. Majani na mizizi inapooza, na kuvu wanapofanya kazi yao, hubaki masalia yenye mafuta yanayojipaka kwenye chembe za mchanga. Kwa kuwa chembe hizo ni kubwa, nta kidogo tu inatosha kuzifunika zote. Udongo wa mfinyanzi, wenye chembe ndogo zisizohesabika, ungehitaji nta nyingi mno. Mchanga ukiwa bado na unyevu hali hii haionekani. Ukishakauka kabisa, unayakataa maji.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Chukua mchanga mkavu kutoka kina cha sentimita 2 au 3, utandaze kwenye sahani, udondoshee tone la maji. Kwenye mchanga mzima tone humezwa papo hapo. Likikaa zaidi ya sekunde 5, likiwa duara kama umande juu ya jani la yugwa, umepata jibu. Likikaa dakika nzima, usishangae kwamba hata mvua ikinyesha haisaidii.

Tiba yake inaanza na kutoboa. Tumia uma wa bustani, au misumari mirefu iliyopigiliwa kwenye ubao, utoboe matundu ya sentimita 10 kwenda chini, yaachane kwa upana wa kiganja. Kisha weka dawa ya kulowanisha udongo, ile inayotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kipimo cha kwenye lebo, na uimwagilie mara moja kabla haijakaukia majani. Baada ya hapo toa maji kwa mafungu: dakika 5, pumzisha dakika 20, halafu 5 tena. Fungu la kwanza linafungua mlango. La pili ndilo linaloingia. Wengi hutumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kwa siku chache huonekana inafanya kazi, ila ikizidi inaunguza majani na haidumu. Mimi naiweka kwa kazi nyingine nitakayoitaja chini.

Dawa yenyewe hudumu miezi michache tu. Kama hujapanda bado, una nafasi ambayo mwenye ukoka uliokwisha kushika hana: unaweza kuchanganya udongo laini wa mfinyanzi, kama bentonaiti au kaolini, ndani ya sentimita 10 za juu. Chembe zake ndogo hujibandika juu ya ile nta na maji yakapata pa kupitia. Ukiona uyoga umejipanga kwa duara na nyasi za ndani ya duara zimekauka, tiba ni hiyohiyo ya kutoboa na kulowanisha, kwa sababu kuvu wa duara lile huacha mchanga ukiwa na tabia hii hii.

Nyayo zinabaki, na kijani kimeingia kijivu

Hii ndiyo kiu ya kweli. Jani la ukoka wenye maji ya kutosha likikanyagwa huinuka. Lenye kiu hulala hapohapo, na ukigeuka nyuma unaona nyayo zako zote. Majani hujikunja kwa urefu, rangi inakuwa kama ya moshi. Ukimwagilia siku hiyo, kesho limeinuka. Ukingoja mpaka liwe kahawia, ni habari nyingine.

Wengi husikia ushauri wa kumwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi, ili mizizi iyafuate chini. Kwenye udongo tifutifu ushauri huo hauna dosari. Kwenye mchanga unamaliza maji bure, na hesabu yake si ngumu. Mchanga unashika milimita 6 hadi 8 hivi za maji yanayoweza kunywewa na mmea kwa kila sentimita 10 za kina. Kama mizizi yako imefika sentimita 15, ghala lako lote lina milimita 10 tu. Siku ya jua kali na upepo, ukoka unatumia milimita 4 hadi 6. Kwa hiyo ghala ni la siku mbili. Ukimimina milimita 30 siku ya kwanza ya wiki, 20 kati ya hizo zimepita chini ya mizizi kabla hujakunja mpira, na kuanzia siku ya tatu nyasi ziko tupu.

Anza basi na milimita 10 kila baada ya siku mbili, alfajiri, kabla upepo haujaanza. Milimita 1 ni lita 1 kwa mita ya mraba, kwa hiyo bustani ya mita za mraba 100 itakunywa lita 1,000 kila zamu. Zikipita wiki mbili ukaona ukoka umetulia, ruka siku moja, usubiri nyayo zianze kubaki ndipo umwagilie. Mchanga haubani mizizi. Ukiisukuma kidogo namna hii inashuka yenyewe. Ikifika sentimita 30, ghala limekuwa maradufu, na zamu moja unaweza kuipa milimita 15 hadi 20 kisha ukakaa siku nne. Kujua maji yamefika wapi, dunga bisibisi ndefu saa moja baada ya kumwagilia. Kwenye mchanga wenye unyevu inateleza. Ikifika pakavu inasaga na kukwama.

Usimwagilie usiku wa mapema. Majani yakilala yamelowa kwa muda wa saa kumi, kuvu hupata walichokuwa wakikitafuta.

Kavu na bichi kwa zamu, kama mistari

Mabaka yakirudi mahali palepale kila mwaka, au yakiwa na umbo la duara na mistari iliyonyooka, usilaumu udongo kabla ya kupima vinyunyizio. Tafuta makopo 10 au zaidi ya upana mmoja, yenye kuta zilizonyooka. Yapange huku na huku: karibu na kinyunyizio, katikati, pembeni, na ndani ya doa. Fungua maji dakika 15, kisha pima kwa rula kina cha kila kopo.

Nimeshaona kopo la karibu na njia likiwa na milimita 9 na la kwenye doa likiwa na 2. Hapo huhitaji mtaalamu. Sababu huwa ni kidomo kilichoziba mchanga, kinyunyizio kilichoinama baada ya kugongwa na mashine, nyasi ndefu zilizokizunguka, au msukumo mdogo kwa kuwa vimefunguliwa vingi kwa pamoja. Rekebisha, kisha rudia makopo. Faida ya pili ya zoezi hili ni kwamba sasa unajua dakika 15 zinakupa milimita ngapi, na zile hesabu za juu zinaacha kuwa nadharia.

Ukoka ni wa njano lakini haujakauka

Piga goti uangalie ni majani yapi yaliyopauka. Yakianza kupauka ya chini, yaliyo makuukuu, na ukoka wote umekuwa rangi ya ndimu na haukui, unakosa naitrojeni. Mmea unaichota kutoka kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi. Yakipauka machanga ya juu, huku mishipa ikibaki kijani na katikati ya mishipa pamekuwa njano, unakosa madini ya chuma.

Njaa ya naitrojeni kwenye mchanga ni ya kudumu, kwa sababu mchanga hauna cha kuishikia. Dawa yake ni kulisha kidogo kidogo. Gramu 2.5 za naitrojeni kwa mita ya mraba, kila wiki tatu au nne wakati nyasi zinakua, zina kazi kubwa kuliko gramu 10 kwa mkupuo. Kwa urea, ambayo ina naitrojeni asilimia 46, hiyo ni gramu 540 hivi kwa mita za mraba 100. Gawanya mafungu mawili. Moja limwage ukienda kwa urefu, la pili kwa upana, ili usije ukapata mistari ya pundamilia. Nyasi ziwe kavu wakati wa kumwaga, na maji yafuate mara moja, milimita 5 tu. Urea ikibaki juu ya mchanga wa joto inageuka hewa na kuondoka; ikifuatwa na maji mengi mno inazama. Zote mbili ni hasara ya mfuko huohuo.

Ya chuma ina mtego. Chuma mara nyingi kimo ardhini, ila mchanga wenye chokaa nyingi, hasa ule wa asili ya matumbawe na makombe, umekifunga mizizi isikipate. Mwagia siki kwenye kijiko cha mchanga mkavu: ukitoa povu na kuchemka, chokaa imo. Kwenye mchanga huo kumwaga chuma ardhini ni kukipoteza. Kinyunyize kwenye majani: gramu 60 hadi 120 za feri salfeti kwa mita za mraba 100, kwenye lita 10 hadi 20 za maji, jua likiwa limepoa. Siku ya pili au ya tatu utaona kijani kimerudi. Kitapauka tena baada ya wiki chache, nawe utarudia. Usinyunyizie kwenye sakafu ya saruji au mawe ya njia. Madoa ya kutu hayatoki, na hili nalisema kama mtu mwenye madoa hayo mlangoni.

Usiongeze chokaa kwa sababu tu fulani kasema bustani zote zinaihitaji. Kama siki imechemka, chokaa unayo ya kutosha vizazi viwili.

Kwa yote mawili, mboji iliyoiva ndiyo rafiki. Tandaza unene wa sentimita 1, ambayo ni lita 10 kwa mita ya mraba, uisukume kwa mgongo wa reki mpaka ncha za nyasi zichomoze. Rudia kila mwaka mwanzoni mwa msimu wa kukua. Samadi mbichi iache: ina chumvi, ina mbegu za magugu, na inaunguza.

Nyasi zinang'oka kama mkeka

Shika nyasi kwa mkono uvute. Zikija zote bila upinzani, mizizi imekatwa. Fukua chini yake: funza weupe wenye kichwa cha kahawia, waliojikunja kama herufi C, ni mabuu ya mbawakawa. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30 uwahesabu. Wawili watatu ukoka wenye afya unawavumilia. Wakifika 5 hadi 10, tafuta dawa, na uiweke wakati mabuu wangali wadogo na wako karibu na juu. Ndege wakiwa wanadonoa sehemu moja kila asubuhi, wameshawahesabu kabla yako.

Kama mizizi ipo ila majani yameliwa usiku, huenda ni viwavijeshi. Hapa ndipo sabuni ya vyombo inapofanya kazi yake: vijiko viwili vya chakula kwenye lita 4 za maji, mwagia mita moja ya mraba, ukae ukiangalia. Ndani ya dakika 10 watapanda juu kwa hasira. Funza wa mizizi hawapandi kwa njia hii, kwa hiyo kutowaona si ushahidi.

Mchwa huacha vifuniko vya udongo juu ya nyasi kavu. Kwa kawaida wanakuja kula kilichokwisha kufa, kwa hiyo tafuta kwanza kilichoua.

Halafu kuna minyoo ya mizizi, midogo isiyoonekana kwa macho, inayopenda mchanga kwa sababu ya nafasi kubwa kati ya chembe. Dalili ni ukoka unaonyauka saa sita mchana wakati mchanga una unyevu, na mizizi mifupi, myeusi, yenye vifundo au ncha butu. Peleka udongo na mizizi maabara ya kilimo kabla ya kutumia pesa. Dawa ya kumaliza minyoo kabisa usiitegemee. Kinachosaidia ni kukata nyasi juu zaidi, kumwagilia kidogo kwa karibu karibu, kuongeza potasiamu na mboji, ili hiyo mizizi michache iliyobaki itoshe.

Ncha zimeungua, na juu ya mchanga pana weupe

Hiyo ni chumvi, ama ya maji ya kisima ama ya mbolea. Maji yakivukizwa chumvi inabaki, na kumwagilia kidogo kidogo kila siku kunaijenga tabaka kwa tabaka. Pima chumvi ya maji: yakiwa chini ya 0.7 kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, kinachoonyesha maji yanavyopitisha umeme kwa sababu ya chumvi, huna wasiwasi. Yakizidi 3, umo taabani na nyasi nyingi zitakuambia hivyo. Bahati ya mchanga ni kwamba unaoshwa upesi. Mara moja kwa mwezi vunja ile kanuni ya milimita 10, utoe mara tatu au nne ya hapo kwa mafungu, chumvi ishuke chini ya mizizi. Lisha mbolea baada ya kuosha, kamwe si kabla. Maji yakiwa ya chumvi siku zote, badilisha nyasi zenyewe: paspalamu ya baharini huvumilia chumvi kuliko zote za bustani, na ukoka wa kawaida, Cynodon dactylon, unaifuata kwa mbali kidogo.

Doa dogo la duara lililoungua katikati na kuzungukwa na pete ya kijani kibichi ni mkojo wa mbwa. Mwagia ndoo moja ya maji siku hiyohiyo.

Kahawia siku ya pili baada ya kukata

Chuma jani uangalie ncha. Ikiwa imechanika nyuzinyuzi nyeupe, kisu cha mashine ni butu. Mchanga unakila upesi kuliko unavyodhani, kwa hiyo kinoe mara mbili ya unavyofanya kwenye udongo mwingine. Ikiwa imekatwa safi lakini unaona vikonyo vya kahawia, umekata chini mno. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka wa kawaida ukae sentimita 3 hadi 4 wakati wa joto, zoisia 4 hadi 5, na zile za majani mapana 7 au zaidi. Na yale majani uliyokata, kama ni mafupi, yaache palepale. Ni mbolea uliyokwisha kulipia.

Ukoka mpya haushiki

Umeletewa vipande vilivyokuzwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ukavilaza juu ya mchanga mkavu. Maji yanakaa kwenye ule udongo mweusi na kugoma kushuka, mizizi nayo inaishia mpakani. Ukinyanyua pembe ya kipande baada ya mwezi, chini kumenyooka kama sakafu. Osha udongo wa vipande kabla ya kupanda, au tumia vikonyo vilivyochambuliwa, na mchanga wa chini uwe umeloweshwa siku iliyotangulia. Wiki mbili za kwanza ndizo pekee ambapo maji kidogo mara mbili tatu kwa siku yanaruhusiwa.

Chini ya miti usijisumbue. Ukoka wa kawaida unataka jua kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Usipolipata utanyong'onyea hata uumwagilie kwa machozi.

Magugu yanayosema jambo

Ndago akitawala, mara nyingi unamwagilia kupita kiasi au kuna bomba linalovuja chini. Kumng'oa kwa mkono kunaacha vidundu vinavyochipua upya. Mbigili naye anapenda pasipo kitu: akionekana, ujue pana upara. Mng'oe kabla hajatoa miiba, kisha ujaze upara huo.

Umekufa au umelala?

Ukame ukiwa mrefu, ukoka wa maeneo ya joto hujifanya maiti. Majani yote kahawia, ukigusa yanavunjika. Kabla hujaufukua, kwangua ukucha kwenye vikonyo vinavyotambaa: vikiwa na weupe au ukijani ndani, uhai upo. Kama huna hakika, kata kipande cha upana wa kiganja, ukipande kwenye kopo lenye tundu chini, ukiweke juani na kukimwagilia kila siku. Kikichipua ndani ya wiki mbili, ipe bustani milimita 10 hadi 15 kila wiki tatu au nne, usilishe mbolea, usikate, usiruhusu mpira kuchezwa juu yake, na ungoje mvua. Kikibaki kikavu, anza kutafuta vikonyo vipya, lakini kata kwanza ile kabari ujue kilichoua vya zamani.